Filamu ya njaa ikidanganya mwishoni, bado tuiite hadithi ya kweli?

Mwana Nkuhungu:
Mbukwenyi wadau. Juzi tumekaa familia nzima sebuleni tukaangalia The Boy Who Harnessed the Wind, ile ya 2019 ya Chiwetel Ejiofor, yeye ndo kaongoza na yeye ndo kacheza baba. Toka hapo ugomvi mimi na mdogo wangu haujaisha mpaka leo, nauleta kwenu.

Kwa ambao hamjaiona: ni kijana William Kamkwamba wa Wimbe, Kasungu, Malawi, njaa ya 2001 kuingia 2002, shule kafukuzwa kisa ada, anakuta kitabu maktaba anaunga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, feni ya trekta, dainamo, na baiskeli ya baba'ke. Filamuni kinu kinavuta maji, shamba linakuwa kijani, njaa kwisha. Sasa kwenye kitabu chake mwenyewe kilichotoka 2009 kile kinu cha kwanza kiliwasha taa na redio!! Cha maji kimekuja baadae, na watu walishapona njaa kwa mavuno ya mvua kama kawaida.

Hapo ndo roho yangu inagoma. Sio kwamba filamu mbaya, hapana, nusu ya kwanza sijaona njaa ikionyeshwa vile, miti inauzwa inakatwa, mafuriko, halafu jua, na akiba ya mahindi ya taifa imeshauzwa ghala tupu. Wezi wanavamia nyumba kubeba debe zilizobaki na mwenye nyumba hayupo. Binti anatoroka na mwalimu ili nyumbani upungue mdomo mmoja, hapo nilisimamisha nikatoka nje kidogo. Afu baada ya kutuonyesha yote hayo wanatuambia dawa ilikuwa mtoto mmoja mwenye akili. Lile ghala nani kalijaza?

Kijana wa Kibaigwa:
Mkuu umekaza sana. Ile ni sinema sio ripoti ya wizara, ina dakika 113 tu unataka waweke nini na waache nini. William halisi ana dada sita, filamuni wamebaki watoto watatu na mmoja kachanga, mbona hilo hujalalamika? Angejenga kinu cha kusikilizia redio nani angelia mwishoni. Mi dogo wangu wa form two kaiangalia mara moja kesho yake kafungua subwoofer ya watu (imekufa mpaka leo ila nia anayo).

Ticha Mpwapwa:
Kaka wa Kibaigwa kupunguza dada ni kupunguza dada, kuhamisha chanzo cha wokovu ni kitu kingine. Ila mimi udhaifu wake naona pengine. Mama yake William filamuni, Agnes, ndo amebeba nyumba, ndo anayepanga nani ale nini, halafu kinu kikianza kuzunguka kamera inamsahau. Kwa upande wa uzuri nawapa maksi kwenye lugha, wamewaacha watu waongee Kichewa, ukisikia njala huhitaji maandishi chini, sisi Wagogo si tunasema nzala. Na baba kugoma kutoa baiskeli ni kweli tupu. Watu wanamuona katili, jamani ile baiskeli ndo kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza au cha kwendea kuhemea, wewe ungempa mtoto aikate kwa msumeno?

Mjukuu wa Mvumi:
Nyie mnabishana ya Malawi na hapa Ugogo tuna Mtunya, ile njaa kubwa ya wazee wetu. 1917 mpaka 1920, jeshi la Mjerumani likachukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, akaja Mwingereza naye akachukua, mvua ikakata juu yake. Kwenye historia inakadiriwa walikufa watu 30,000 Ugogo hii, kati ya kama 150,000. Sasa mtu akiitengeneza hiyo shujaa atakuwa nani, maana hakuna aliyegundua kitu, watu walitembea wakahemea, waliofika walifika. Ndo maana naogopa hii staili ya mwisho mtamu, wakija kwetu watatubunia kijana na kinu chake, wenye bunduki waliobeba ng'ombe watapita kwenye sini moja tu.

Kijana wa Kibaigwa:
Sasa filamu ya watu kutembea na kufa masaa mawili nani atalipa bando aione mjukuu? Mi nasema bora watu waingie kwa utamu wakitoka wakasome kitabu.

Mwana Nkuhungu:
Wangapi wanasoma, mimi mwenyewe kitabu nimekitafuta kwa sababu ya hasira.

Mjukuu hapo kwa bunduki umenigusa, ndo nilichokuwa nakitafuta jina. Ila niwape la mama yetu maana yeye njaa anaijua sio ya kuhadithiwa. Katulia muda wote hajasema kitu, kinu kikazunguka, maji yakatoka, muziki ukapanda, sisi huku machozi, yeye akauliza hayo mahindi yanakomaa siku ngapi. Mdogo wangu akajirusha kusema kuna mbegu za muda mfupi mama, siku tisini. Mama akanyanyuka kwenda kuangalia mlenda jikoni, akasema mlangoni, "Na hizo tisini wanakula upepo?"

Mdogo wangu hajajibu mpaka sasa. Kibaigwa msaidie.