Jon Hamm alijipa mpaka miaka 30. Na mimi nijiwekee kikomo?

Binti wa Pangani: Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 27, naishi na dada yangu Columbus, Ohio, vibali vyote ninavyo. Mchana nahudumia wazee, jioni naigiza na kikundi cha jukwaani. Natamani kuhamia Los Angeles nitafute nafasi kwenye televisheni. Mama, yuko Tanga, anasisitiza nimalize uuguzi kwanza.

Maisha ya Jon Hamm, yule mwigizaji wa Marekani, yananikosesha usingizi. Mama yake alifariki yeye ana miaka 10, baba naye Jon akiwa na 20. Akafundisha maigizo shuleni alikosoma, St. Louis, halafu mwaka 1995 akahamia Los Angeles. Akawa mhudumu wa mgahawa, wakala wake wa kumtafutia kazi za uigizaji akamtema. Akajiambia nikifika 30 sijapata kitu, naondoka. Mad Men, tamthilia iliyompa jina, ilipoanza 2007 alikuwa na 36! Na mimi nijipe kikomo niende, au nitulie?

Mzee wa Kahawa: Mwanangu, kikomo hakikumpa kazi. Mwaka 2000 alipata nafasi ya zimamoto kwenye tamthilia ya Providence, ya sehemu moja tu. Akaifanya vizuri, zikawa 19, ndipo akaacha kubeba sahani. Huyo alikuwa ameshafika Los Angeles, kazi zilipo.

Nyota ya Jioni: Mtazame na mwigizaji mwingine, Bryan Cranston. Chuoni alisomea mambo ya polisi. Mwaka 1998 aliigiza kwenye sehemu moja ya tamthilia ya The X-Files, mtu mwenye chuki ya kutisha, ila mtazamaji ilibidi amhurumie. Aliyeiandika ni Vince Gilligan. Miaka ilipita, Gilligan akamtaka kwa tamthilia yake, Breaking Bad. Wakubwa wa AMC, kituo cha televisheni, wakasita, maana walimjua kama yule baba wa vichekesho wa Malcolm in the Middle. Gilligan akawaonyesha ile sehemu ya zamani, wakakubali. Tamthilia ilianza Januari 2008, Cranston anakaribia miaka 52, na Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, ya mwigizaji bora akaichukua miaka mitatu mfululizo, Hamm akiwa mmoja wa walioshindania. Hamm alikuja kuipata 2015. Kwa hiyo mdogo wangu, hicho kikundi cha Columbus usikidharau hata kidogo.

Nesi wa Zamu: Mimi niko California, namuunga mkono mama yako. Manesi wengi wa hospitali hapa wanafanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki. Siku nne zinabaki, unaenda usaili bila kumlilia bosi. Ila leseni ya Ohio huku haitumiki, lazima uombe ya California, kwa hiyo anza makaratasi mapema. Na wakala wa kweli wa waigizaji anakula asilimia yake ukishalipwa. Akidai ada ya kukusajili, ondoka hapo hapo.

Binti wa Pangani: Ahsanteni sana. Nesi, hiyo leseni naweza kuiomba nikiwa bado Ohio?

Nesi wa Zamu: Ndiyo, ukishafaulu mtihani. Njoo inbox nikuelekeze.