Gaekwad wa Baroda: alimpa mfalme kisogo, au kibaraka mwenye makeke tu?

Mpiga Bao: Wakuu, jana nimebishana na shemeji yangu hadi chai ikapoa. Yeye anasema Sayajirao Gaekwad III, Maharaja (mtawala) wa Baroda, dola ya India chini ya Waingereza, alikuwa mpinga ukoloni. Mimi nasema kibaraka. Waingereza walimng'oa Malhar Rao, Maharaja aliyemtangulia, 1875, wakakubali mtoto wa kijijini wa miaka 12 akalishwe kitini, wakampa mwalimu Mwingereza. Akipita anapigiwa mizinga 21 ya heshima. Mpinga ukoloni gani huyo?

Kobe Mkongwe: Delhi, Desemba 1911. Maharaja wote waliagizwa wamfuate George V, mfalme wa Uingereza, na mapambo kamili, wainame mara tatu, warudi kinyumenyume. Jamaa kaja hana johari, fimbo mkononi, kainama mara moja, kageuka kaenda zake. Kibaraka huyo?

Bi Mkubwa wa Makadara: Hapo mimi simsifu. Kumpa mwenyeji kisogo si siasa, ni kukosa malezi. Sisi wa pwani tunalijua tangu utotoni. Nyie wa bara shangilieni.

Nyundo: Wa bara tumeingiaje hapa? Na George mwenyeji wa Delhi tangu lini? Mgeni kajikalisha kwenye kiti cha watu, wewe unamwita mwenyeji!

Bi Mkubwa wa Makadara: Mtu mzima unamrukia bila hata salamu. Halafu mnauliza nasemea nini.

Nyundo: Shikamoo. Sasa nijibu.

Bi Mkubwa wa Makadara: Marahaba mwanangu. Kama hakumtaka, asingekwenda.

Kobe Mkongwe: Asingekwenda, kisha? Mama, huyo Malhar Rao alishtakiwa kumtilia sumu Balozi Mkazi wa Kiingereza, Kanali Phayre. Tume ya watu sita: Waingereza watatu wakasema ana hatia, Wahindi watatu wakakataa kumtia hatiani. Sare! Na kiti kikamtoka hivyohivyo, wakasema ametawala vibaya. Aliyemfuata alijua fika kiti kile kina miguu mingapi.

Mpiga Bao: Jamani, niliuliza kibaraka au si kibaraka. Habari za salamu fungueni uzi wenu.

Karani Mstaafu: Mmeng'ang'ania kisogo, shule hamzitaji. 1906 Baroda elimu ya msingi ikawa lazima, wavulana kwa wasichana. Gokhale, mwanasiasa wa Kihindi, alipopeleka muswada wa namna hiyo kwenye baraza la sheria la Waingereza hukohuko India, ukaangushwa 1912. Na nani alimlipia Ambedkar kwenda kusoma Columbia 1913, mtoto wa jamii iliyoitwa najisi? Gaekwad.

Nyundo: Karani, sisi wa bara tumeambiwa hatuna malezi, wewe unatuletea shule?

Jicho la Mwewe: Huyo Ambedkar malizia habari yake basi. Alirudi 1917 kuitumikia Baroda, makarani wakawa wanamrushia mafaili kwa mbali wasije wakamgusa. Nyumba ya kupanga hakupata, na ile ya wageni ya Waparsi, Wahindi wa asili ya Uajemi, wakamtimua. Maharaja wenu alikuwa wapi?

Karani Mstaafu: Makarani tena? Mimi nimekuwa karani miaka 31, sijamrushia mtu hata rula.

Jicho la Mwewe: Mzee, sikukusema wewe. Lakini naona imekuuma.

Mpiga Bao: Nami nina yangu. Mnayemwita shujaa, baada ya Delhi alimwandikia Hardinge, mwakilishi wa mfalme, kuomba radhi. Eti alibabaika mbele ya mfalme, hakukusudia.

Bi Mkubwa wa Makadara: Ahaa! Si niliwaambia? Mwenyewe kajua kakosa adabu.

Kobe Mkongwe: Mtu kashikiwa bakora anaandika radhi, wewe unaisoma kama barua ya posa. Alizoea kuonana na wakubwa wa Ulaya miaka na miaka, akababaikie siku ile tu?

Mpiga Bao: Kwa hiyo unasema alidanganya?

Kobe Mkongwe: Nasema alibaki kitini hadi alipokufa 1939, na shule zikabaki wazi.

Nyundo: Na benki aliyoianzisha 1908, Bank of Baroda, ikafungua tawi Mombasa 1953. Bi Mkubwa, usije ukawa unaweka akiba kwa asiye na malezi.

Bi Mkubwa wa Makadara: Akiba yangu iko kwenye kibubu. Nyundo, bibi yako wa wapi?

Nyundo: Singida.

Bi Mkubwa wa Makadara: Msalimie. Alijitahidi.