Tetemeko la leo na miadi yangu ya alama za vidole

Mama Nuru (Hyattsville), Jumanne 23 Agosti 2011
Wapendwa, hamjambo. Naomba msaada wa haraka. Leo nilikuwa na miadi ya alama za vidole kwa ajili ya EAD, ile kadi ya ruhusa ya kufanya kazi hapa Marekani. Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda basi mbili, namba yangu imeitwa. Saa nane kasoro dakika tisa, kidole gumba kiko juu ya kioo, nikasikia kioo kinatetemeka chini ya kidole. Nikadhani ni mashine. Mara dari ikamwaga vumbi, yule binti wa kompyuta akanishika mkono, tukatoka mbio. Tumesimama juani saa nzima na nusu, mwishowe mlinzi akasema leo basi, nendeni nyumbani.

I-797C yangu, ile barua ya kuniita kwenye miadi, haikugongwa mhuri. Na mnajua inavyosema: usipotokea, maombi yanahesabiwa umeyaacha. Sasa mimi nimetokea au sikutokea? Kadi inakwisha 30 Septemba, na kazini wameshaniambia bila kadi hakuna zamu. Kesho nirudi na barua ile ile, au niitume kwa posta kuomba siku nyingine?

Mwana Tanga (Silver Spring)
Pole sana dada yangu. Mimi nilikuwa D.C., ghorofa ya saba. Jengo lilipoyumba sikuwaza tetemeko hata kidogo, niliwaza bomu. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Oysterbay, Dar es Salaam, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, na mwili haujasahau. Wamarekani nao wanataja Septemba 11, wengine wanalia. Nimeshuka ngazi zote mbio. Kurudi, treni zinatambaa maili 15 kwa saa, wanakagua reli. Ndiyo kwanza naingia ndani. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 si mchezo.

Kaka wa Bukavu (Baltimore)
Ndugu, ni 5.8. USGS, wale wataalamu wa serikali wanaopima matetemeko, walipandisha hadi 5.9, kisha wakarudisha. Kitovu ni Mineral, Virginia. Miamba ya huku ni ya kale na migumu, ndiyo maana limesikika hadi Kanada. Na tafadhali tusiwafundishe watu kukimbilia ngazi. Majengo ya hapa unaingia chini ya meza, unafunika kichwa, unashika mguu wa meza mpaka itulie.

Kwetu Kongo tunakimbia nje kwa sababu ya matofali. Jumapili ya 3 Februari 2008 ukuta wa jikoni ya mama uliangukia upande wa nje. Ungeangukia ndani, mama asingekuwepo. Ng'ambo, Rusizi ya Rwanda, kanisa liliwaangukia watu wakisali. Tulilala uani chini ya turubai, watoto katikati. Leo nimeusikia mngurumo ule ule, nikakaa chini nikalia.

Mwana Tanga
Sikumfundisha mtu, nimesimulia yaliyonikuta. Pole kwa ya Bukavu.

Bi Mvita (Alexandria)
Jamani, msivutane. Mimi nusu saa simu haishiki, mtoto yuko kwa mlezi. Ujumbe mfupi ndio uliopita. Wekeni hilo akilini, andikeni, msipige. Televisheni inaonyesha ncha za mnara wa kanisa kuu la Washington zimeanguka. Nimekumbuka Julai 2007, wakati wa matetemeko ya volkano ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, tulivyomwagika barabarani Nairobi.

Mama Nuru, hayo ya EAD mimi nimeyaaga, nimejaza N-400, fomu ya kuomba uraia wa Marekani. Tangu katiba yetu ya Kenya ya 2010 turuhusiwe uraia wa nchi mbili, sioni cha kungojea. Nyinyi Watanzania mnangoja nini?

Mwana Tanga
Bi Mvita, unajua vizuri. Sisi tukila kiapo hapa, pasi ya kwetu imekwenda. Tunatuma pesa, tunajenga, tunasomesha wadogo zetu, halafu nikazikwe kwetu kama mgeni? Kila kiongozi anayepita hapa tunamuuliza uraia pacha, anatuambia linafanyiwa kazi.

Kaka wa Bukavu
Na Kongo ni hivyo hivyo. Wanasema uraia wetu ni mmoja tu, hauchangamani na mwingine.

Mama Nuru
Ahsanteni kwa pole zenu. Mama amenipata sasa hivi kutoka Pangani, kule ni alfajiri, amesikia redioni, anauliza kama nyumba yangu imesimama. Nimemwambia imesimama, ni vikombe viwili tu. Sikumwambia habari za kadi.

Naulizia bado ile barua. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, na basi la kwanza ni la saa kumi na moja na nusu. Kuna yeyote aliyekuwa na miadi leo?