Mjadala: Mwalimu wa hisabati aache chaki aingie sayansi ya data?

Mwalimu wa Misungwi: Ndugu zangu, naomba ushauri. Nafundisha hisabati shule ya kata mwaka wa 9 sasa. Kwa miaka miwili nimejifunza Python na SQL, lugha za kompyuta za kuchakata data, usiku, bando langu, laptopu ya kuazima. Sasa nimepata mkataba wa mwaka mmoja mjini Mwanza, kuchakata data za mradi wa afya. Pesa ni karibu mara mbili ya mshahara wangu, ila mwaka ukiisha na kazi imeisha. Nina watoto wawili, na Bodi ya Mikopo inanikata asilimia 15 kila mwezi. Niache ajira ya kudumu?

Kirumba: Ondoka, mwalimu. Takwimu, uwezekano na matrisi unazofundisha ndiyo msingi wa kazi yenyewe. Wanaokupotosha ni wale wanaosema kila mwalimu anaweza. Mwalimu wa Historia na Kiswahili akachakate data gani? Abaki na Vita vya Majimaji.

Mzee wa Igombe: Mimi nimestaafu ualimu. Kila mwaka wanaofeli hisabati kidato cha nne ni wengi kuliko wanaofaulu, na mnamshangilia anayeijua aondoke? Sisi tulipangiwa visiwani, tukaenda na begi moja. Hatukuuliza mara mbili.

Kijana wa Buzuruga: Shikamoo mzee wangu. Nina digrii ya ualimu, fizikia na hisabati, mwaka wa 5 niko mtaani. Usaili nimefanya, sasa naendesha bodaboda. Msituambie darasa litabaki tupu wakati sisi tupo hapa tunasubiri. Akitoka yeye, nileteni mimi.

Mzee wa Igombe: Marahaba, mwanangu. Sikusema hampo. Nimesema anayeacha anajua anamwachia nani? Wewe unajua kama nafasi yake itajazwa kesho au baada ya miaka mitatu?

Binti wa Ukara: Kirumba, umenigusa mimi. Nafundisha Historia na Kiswahili hapa kisiwani Ukara. Baada ya Sensa ya 2022 walimu tuligawiwa vile vishikwambi vya makarani. Changu niliingizia mahudhurio ya kidato cha pili ya mwaka mzima, siku kwa siku. Yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, kila baada ya wiki nne hivi. Ofisini waliniambia ni utoro tu, wazazi waitwe. Nikaweka pembeni kalenda ya mwezi. Yanashuka wakati wa giza! Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, watoto wanarudi darasani. Giza likirudi, asubuhi wako mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaanika dagaa na mama zao. Wewe wa Kirumba na matrisi zako ungeliona hilo?

Kirumba: Dada, hiyo ni kuhesabu. Kazi nzuri, lakini usiite sayansi ya data. Ulilinganisha na nini? Mwezi unazunguka kila mahali, pengine kuna gulio, pengine ni michango ya shule. Utafiti ule uliofanyika vijijini kwetu Mwanza, 1991 hadi 1994, ndio ulioonyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU, kwa kama asilimia 40. Dunia iliukubali kwa sababu kulikuwa na jamii 6 zilizopata huduma na 6 za kulinganisha nazo. Wewe una shule moja.

Binti wa Ukara: Gulio letu ni la kila wiki, halifuati mwezi. Na nimeishi hapa miaka 7, najua mama yupi ana chanja za dagaa na yupi hana. Hilo halimo kwenye Python.

Kirumba: Kuishi hapo kunakupa swali. Jibu linataka shule isiyo na mwalo. Nionyeshe mahudhurio ya shule iliyo mbali na ziwa: kama nayo yanashuka wakati wa giza, habari ya dagaa imekufa. Yasiposhuka, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu.

Kijana wa Buzuruga: Dada, majina ya watoto umeyaondoa? Mzazi akijulikana kwamba mwanawe anaanika dagaa badala ya kusoma, ataitwa ofisini.

Binti wa Ukara: Nimeweka namba tu. Mimi sitaki waitwe. Nataka mitihani ya wiki isipangwe wakati wa giza.

Mzee wa Igombe: Hilo wazo tungekuwa nalo miaka yangu. Wangapi niliwachapa kwa utoro, na baba zao walikuwa ziwani. Linaniuma hadi leo.

Kijana wa Buzuruga: Mwalimu wa Misungwi, kabla ya barua ya kuacha kazi, ulizia kwa mwajiri likizo bila malipo. Wakikubali, mwaka ukiisha unarudi.

Mwalimu wa Misungwi: Asante mdogo wangu, nitauliza kesho asubuhi, maana kusaini ni Ijumaa. Dada wa Ukara, shule yetu iko mbali na ziwa na mimi ndiye mwalimu wa darasa kidato cha pili. Madaftari ya mwaka jana ninayo kabatini. Niandikie ulivyopanga safu zako, nianze Jumamosi, bila majina.