Naomba ushauri: ukumbi mdogo, bibi anaimba Jumamosi, niongeze spika?

Kamba ya Gitaa (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina presha hadi usingizi umekata. Nimemwalika mwimbaji mkongwe wa nyimbo za jadi, bibi mwenye gitaa lake kavu, aimbe kwenye ukumbi wa watu 80. Tiketi zimeisha. Swali ni moja tu: spika mbili zatosha au niongeze ya tatu? Nataka sauti ijae, watu wasisikie mapengo.

Fundi Waya
Kwa watu 80 mbili zinabaki. Zitangulize mbele ya maiki, zitazame watu. Ukiziweka nyuma ya mwimbaji, maiki inanasa sauti ya spika na kuirudisha huko huko, unasikia mluzi ukumbi mzima. Gitaa kavu nalo huvuma haraka. Ila mkuu, mapengo gani hayo?

Mama Kiitikio
Mimi nimekuja kwa ajili ya bibi. Mnawaalika wazee halafu mnawasubirisha kwenye kiti kigumu hadi saa tano usiku, vijana wakijaribu vyombo. Umemuuliza anapenda kuimba saa ngapi? Bi Kidude alipata tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa ajuza. Uzee si ugonjwa.

Jogoo Mwitu
Tiketi zimeisha na mimi sijaoga? Nifichie moja mkuu.

Zeze la Mjomba
Mjomba wangu alikuwa anapiga zeze. Siku moja uzi ukakatika katikati ya wimbo, akaendelea kwa kupiga mapaja, watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Wiki iliyofuata wakamwomba aurudie vile vile, mapaja yakavimba. Samahani, swali lilikuwa nini?

Fundi Waya
Mleta uzi, bado nasubiri. Mapengo gani?

Kamba ya Gitaa
Haya. Bibi anasahau maneno. Mazoezini ubeti wa tatu alirudia wa kwanza, akanyamaza, akaniangalia. Kwa hiyo nimetafuta rekodi yake ya zamani. Fundi mitambo ataipiga chinichini bibi akiimba, na akipotea tunaipandisha. Flashi nimeshampa. Msianze kunihukumu, sauti ni yake mwenyewe. Na hapana, hajui. Nikimwambia atakataa.

Mama Kiitikio
Unajua atakataa, halafu unaomba ushauri wa spika!

Daftari Kuukuu
Glen Campbell, mwimbaji wa Marekani, alitangaza mwaka 2011 kwamba ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafanya ziara ya kuaga hadi 2012. Maneno yalikuwa kwenye skrini mbele yake, na watoto wake walikuwa ndani ya bendi. Watu walijua na walikuja. Usifiche, andika maneno kwa herufi kubwa.

Kamba ya Gitaa
Nilimpa karatasi. Akasema yeye si msoma taarifa ya habari. Nyie mnaongea kama watu wasio na tiketi za kurudisha. Watu wamelipia kusikia nyimbo zile walizozoea, na mimi nawalinda wote wawili, bibi na wao.

Mkavu wa Macho
Hii chai. Rekodi ya ujanani na bibi wa leo hawawezi kuwa kii moja, yaani kimo kimoja cha sauti, sauti ya mwanamke hushuka akizeeka. Na nyimbo za jadi haziendi kwa kasi ya mashine, mwimbaji huuvuta ubeti anavyotaka. Rekodi itamwacha au yeye ataiacha. Halafu asiisikie? Fundi mitambo gani alikubali?

Jogoo Mwitu
Chai na mimi nimeshika kikombe.

Zeze la Mjomba
Mimi naamini. Mjomba wangu pia

Kamba ya Gitaa
Si chai. Kii tumeishusha kwa programu bila kugusa kasi. Na sikio lake la kushoto halisikii kabisa, rekodi itatokea upande huo. Ndiyo maana nikauliza spika ya tatu.

Fundi Waya
Kumbe! Umenifanya nikupangie spika za kumficha bibi. Hao 80 wana masikio mawili mawili, na kasi Mkavu amekwambia. Tafuta mtu anayezijua nyimbo zake akae upande wa sikio zima, amtajie mwanzo wa kila ubeti. Au bibi atoe mstari, ukumbi upokee. Pete Seeger, mwimbaji wa nyimbo za jadi wa Marekani, akiwa na miaka 89, Januari 2009, alisimama mbele ya umati akiwatajia mistari waiimbe wao. Hakuna aliyeuliza sauti imekwenda wapi.

Mkavu wa Macho
Ushauri mzuri kwa bibi asiyekuwepo.

Kamba ya Gitaa
Mkavu, njoo Jumamosi usimame mlangoni. Mjukuu wake wa kike anazijua zote, nitamwomba akae naye. Ila flashi naiacha kwa fundi, tahadhari tu.

Mama Kiitikio
Na huyo mjukuu, flashi anaijua?