Mshahara wa Dubai kufika akaunti ya Kampala

Habari zenu wandugu, niko Dubai mwaka wa pili, nalipwa dirhamu na akaunti yangu ya Kampala ni ya shilingi, mwezi jana nimetuma benki kwa benki pesa ikakaa siku sita halafu ikafika imekatwa, mdogo wangu akarudishwa getini sababu ya ada, mama amelia kwa simu. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu. Mara nyingi katikati kuna benki nyingine pesa inapitia na yenyewe inakata chake. Fungua akaunti ya dola hapo Kampala, inaruhusiwa, dola moja imefungwa kwa dirhamu 3.6725 tangu 1997 haichezi, shilingi utabadilisha siku reti iko vizuri.

Jibu: Mimi nilikuwa Doha. Usiangalie ada ya kutuma tu, reti ndiyo inakula! Kabla hujalipa uliza mama atashika shilingi ngapi mkononi. Ukituma kwa mobail mani, akitoa serikali inachukua 0.5%, na ada ya kutolea iko pembeni.

Muulizaji: Asanteni sana. Mama yuko Arua, wakala yuko karibu kuliko benki, basi ya shule naituma kwa simu, inayobaki naweka dola.