Tupeane uzoefu: mlimfundishaje mtoto kutomfungulia mtu geti?

Mwangaluka wadau. Nipo Buhongwa, hapa Mwanza, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Juzi nimeenda mjini, nimewaacha nyumbani na dada, dada naye akatoka mara moja dukani. Mtu akagonga geti, akamwita mwanangu mkubwa kwa jina. Nadhani alilisikia tukimwita hapo nje.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama kanituma nichukue mtungi wa gesi nikajaze, jioni mpike."

Mtoto akafungua. Akaenda jikoni, akafunga gesi vizuri kama nilivyomwonyesha, akachomoa mpira, akauburuza mtungi wa kilo 15 mpaka mlangoni. Aliniambia anko alikuwa na haraka, bodaboda inamsubiri. Niliporudi nilikuta ule mduara sakafuni, msafi, vumbi limeuzunguka. Mtungi nitanunua mwingine. Miguu iliniisha nguvu nilipofungua chumba cha pili nikamkuta yule mdogo amelala peke yake.

Sikumchapa. Ningemchapa kwa kosa gani? Tangu aanze kuongea namwambia mtu mzima hapingwi: toa shikamoo, mpishe kiti, mpokee mzigo. Hakuna siku niliyomwambia kwamba kuna mtu mzima wa kumkatalia, na akikataa aseme maneno gani. Ndicho ninachowauliza wenzangu. Msiniambie "nilimwonya". Mlifanyaje hasa?

Baba wa watatu, Igoma
Pole sana dada, na umefanya vyema kutomchapa. Sisi tuna neno la siri. Yeyote anayesema katumwa na sisi anaulizwa neno, iwe nyumbani au shuleni wakati wa kutoka. La kwanza lilidumu siku nne, mdogo wa mwisho akamwambia rafiki yake. Tukalibadilisha jioni ileile bila kumgombeza, maana ukigombeza, siku nyingine ataficha kwamba limevuja.

Ila neno peke yake halikutosha. Nilimwomba mwenzangu wa kazini, mtu wanayemfahamu, aje akagonge nikiwa nimejificha ndani. Mara ya kwanza binti yangu alifungua mbio huku anacheka. Tukakaa tukafanya mazoezi, mimi nikiwa nje ya geti na yeye ndani, mpaka maneno yakamkaa mdomoni. Mwezi uliofuata jamaa akarudi. Nikamsikia binti: "Shikamoo anko. Neno ni lipi?" Jamaa akasema amelisahau. "Basi naomba unisamehe, msubiri baba hapo kwenye kivuli cha mwembe, nampigia simu." Heshima ameitoa yote, na komeo halikuguswa. Mtoto wetu hawezi kuzitunga sentensi hizo siku ya tukio, lazima azikute tayari.

Kijana wa Nyegezi
Mtalea watoto wajeuri. Zamani tulimfungulia kila mtu.

Bibi, Kirumba
Mjukuu wangu wa Nyegezi, zamani hiyo mimi nilikuwepo. Mtaa mzima ulijuana, na mgeni akiingia aliulizwa na watu watano kabla hajafika kwako. Leo majirani wa ukuta kwa ukuta hawajuani majina.

Na mimi niongeze jambo ambalo watu wanalikwepa. Si kila mbaya anagonga. Mwingine ana ufunguo, anakula na nyie mezani. Wajukuu zangu nimewaambia hakuna siri ya mwili ambayo bibi haruhusiwi kuijua, hata aliyekukataza kusema akiwa mjomba. Na wameishika namba 116, ya mtoto kupiga akionewa. Ni bure. Tunaiimba wakati wa kuoga, hivyo hata wa miaka 4 anayo.

Mama wa Mabatini
Kwetu juu kwenye mawe hakuna geti. Mimi kosa langu lilikuwa kinyume na la mama wa Buhongwa: niliogopa wezi, nikawa nawafungia watoto kwa kufuli la nje. Usiku mmoja umeme ulikatika, mshumaa ukashika chandarua. Madirisha yana nondo. Jirani alivunja kufuli kwa jiwe, watoto wakatoka wanakohoa, Mungu mkubwa. Zimamoto ni 114, na mtoto aijue, lakini gari linaishia barabarani chini, kutoka hapo ni ngazi na mawe.

Sasa wanajifungia kwa ndani. Ufunguo uko kwenye msumari, urefu wa bega la mtoto, mbali na dirisha ili mtu asiuvute kwa fimbo. Jumamosi nazima taa, nawaambia wafumbe macho, wainame, wapapase ukuta mpaka kwenye msumari, wafungue, watoke wakasimame kwa jirani. Wakishatoka, kurudi ndani ni marufuku, hata kwa begi la shule. Mara ya kwanza walihangaika na kitasa mpaka wakalia. Siku hizi wanatoka kabla sijahesabu ishirini.

Mwalimu, Igombe
Fupi tu. Huku ufukweni mtoto akikuta nyumba imefungwa, anakwenda kusubiri ziwani. Mpangieni nyumba ya kusubiria, na mwenye nyumba hiyo ajue.

Mama wa Buhongwa (mleta mada)
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana jioni tumechagua neno na tumefanya mazoezi getini, mimi nje na kijana wangu ndani. Sauti ilimtetemeka, lakini alilisema lote, mpaka "naomba unisamehe". Kisha akaniuliza, "Mama, na babu akija bila neno?"

Nikanyamaza. Babu yake huja kutoka Magu bila taarifa, na kuku mkononi. Leo asubuhi nimempigia, nimempa neno, nimemweleza sababu. Amelirudia mara tatu kwenye simu ili asilisahau.